Tope la Mto, Njaa ya Nguva

Kimbunga kikishapita tunahesabu mapaa yaliyoezuliwa, minazi iliyong'oka na ngalawa zilizovunjika. Ni sawa tufanye hivyo. Lakini ipo hasara nyingine chini ya maji, kwenye nyasi bahari, malisho ya tasi, kasa na nguva.

Mwaka 1992, huko Hervey Bay, jimbo la Queensland nchini Australia, mafuriko yalishuka mara mbili, na kimbunga Fran kikaongezea. Zaidi ya kilomita za mraba 1,000 za nyasi bahari ziliangamia. Nguva, waliokadiriwa kuwa zaidi ya 1,700 mwaka 1988, walibaki chini ya 100 katika makadirio ya Novemba 1992. Wengi walihama, wengine walikutwa wamekufa, wamekonda kwa njaa.

Upepo haukuua peke yake. Mawimbi hung'oa nyasi za maji mafupi na kuzitupa ufukweni marundo kwa marundo. Jani likikatika tu, shina linalotambaa mchangani huchipua tena. Balaa kubwa ni tope. Mto uliobeba udongo wa milima isiyo na miti huchafua bahari kwa wiki kadhaa, jua halifiki chini, na nyasi hufa gizani hata pale ambapo wimbi halikuzigusa.

Kule Hervey Bay, ndani ya miaka miwili, nyasi za kina kirefu zilianza kurudi kwa mbegu. Nguva hana kasi hiyo: jike huzaa mtoto mmoja, kisha hukaa miaka kadhaa ndipo azae tena.

Na kwetu Tanzania je? Aprili 2024 Mto Rufiji ulifurika; Mei, kimbunga Hidaya kikafika kisiwa cha Mafia. Mafuriko kwanza, kimbunga baadaye, kama kule Hervey Bay. Na bahari ya Rufiji, Mafia na Kilwa ndiyo maskani ya nguva wachache tuliobaki nao.

Kimbunga hatuwezi kukizuia. Tope tunaweza kulipunguza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita hizo zilindwe kwa vitendo, kwenye mito ya Kilombero na Ruaha, maana maji ya huko yote huishia Rufiji. Halmashauri za bara zinapopanga bajeti ya kulinda kingo za mito, zijue zinamlinda pia mvuvi wa Mafia.