Mbolea ya Serikali na Watu Wetu Walio Nyumbani

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Sisi tukaao Kaloleni, Makongeni, Bahati na Jericho tuna makao mawili: chumba cha kupanga hapa mjini, na shamba nyumbani. Kwa hiyo twaomba radhi tukinena habari za mbolea mbele ya watu wa mjini.

Msaada wa serikali kwa mkulima si jambo geni. Mwaka 1942, wakati wa vita, serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuongeza mazao, ikamhakikishia mlowezi malipo kwa kila ekari hata mavuno yakiharibika. Wazee wetu waliolima katika rizavu hawakuhakikishiwa kitu.

Zamu yetu ilikuja baadaye. Septemba 2022, bei ya mfuko wa mbolea wa kilo 50 ilipunguzwa kutoka Sh. 6,500 hadi Sh. 3,500, Agosti 2023 ikashushwa tena hadi Sh. 2,500. Tangu mapema mwaka 2023 wakulima waliandikishwa kwa machifu: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na ekari. Habari ya mbolea huja kwa simu, na mkulima huenda na kitambulisho chake kwenye ghala la Bodi ya Nafaka na Mazao.

Hapo ndipo tulipojikwaa, na kosa ni letu wenyewe. Wengi wetu tulikwenda nyumbani siku mbili, tukajiandikisha kwa majina yetu, tukarudi kazini. Mwanachama mmoja alipata ujumbe akiwa zamu ya usiku. Mama yake alifika ghalani alfajiri, akapanga foleni hadi jioni, akarudi mikono mitupu, kwa kuwa kitambulisho chake hakikuwa na jina orodhani. Mwanawe alipopata ruhusa, mahindi ya jirani yalikuwa yamekwisha kufika magotini. Wahenga walisema kweli: fimbo ya mbali haiui nyoka.

Tumewauliza wanachama kwa nini hawakumwandikisha mama au mke. Wengine walikaa kimya. Wengine walisema wachelea shamba lisije likahesabiwa kuwa lake. Ndugu zetu, orodha ya mbolea si hati ya ardhi. Anayeandikwa hapo hapewi shamba, hupewa njia ya kununua mbolea. Na kama twamwamini kulipalilia, mbona hatumwamini kulinunulia mbolea?

Tena aliye karibu huona mapema. Mwaka 2024 ilipobainika kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa chini ya mpango huo haikuwa mbolea ya kweli, aliyeweza kuitazama miche hakuwa mwenye simu Nairobi. Alikuwa yule aliyeinama shambani.

Kwa hiyo twawasihi mambo matatu. Kila mwanachama aendaye likizo afike kwa chifu pamoja na mwenye kulishika jembe, waulize jinsi ya kuandikisha jina lake na simu yake. Fedha za mbolea zipelekwe kabla ya masika, si baada ya mvua. Na risiti ihifadhiwe, maana ndiyo shahidi wa mnyonge.

Mahindi tulayo hapa Eastlands yatoka mikononi mwao. Na tuiondoe mikono yetu njiani pao.