Mashamba Chini ya Maji: Tamthilia ya Kichina Ambayo Kolwezi Ingepaswa Kuitazama



Jioni ya leo nitaisifu tamthilia moja ya televisheni, nami nitaisifu bila kujizuia. Kwa Kichina inaitwa Da Ming Wang Chao 1566, yaani Utawala wa Ming katika mwaka 1566. Ina sehemu 46. Aliyeiandika ni Liu Heping, na aliyeiongoza ni Zhang Li. Televisheni ya Hunan ilianza kuirusha Januari 2007. Watazamaji wa kituo hicho walikuwa wamezoea muziki, vichekesho na hadithi za Kikorea kama Dae Jang Geum, basi wazee hawa wenye kofia nyeusi, wanaobishana juu ya matumizi ya serikali, wakawapita bila kutazamwa. Ilibidi kungoja miaka 10. Mwaka 2017 tovuti ya video ya Youku iliirudisha kwenye intaneti, na vijana waliokuwa watoto ilipotoka mara ya kwanza wakaipokea kwa mapenzi makubwa. Siku hizi wapenzi wa tamthilia za kihistoria nchini China huitaja miongoni mwa zile bora kabisa zilizowahi kutengenezwa kwao. Huku kwetu ni wachache mno wanaoijua.

Kwa nini niilete Kolwezi? Kwa sababu hapa tunaishi na Wachina kila siku bila kujua wanavyojisimulia wenyewe. Tunaijua kampuni ya madini ya Sicomines. Tunaijua COMMUS, iliyo mikononi mwa Zijin, pale pembeni mwa nyumba za watu. Tunajua kwamba CMOC ilinunua hisa za Wamarekani wa Tenke Fungurume mwaka 2016, na kwamba Zijin hao hao wako Kamoa-Kakula pamoja na Ivanhoe. Anayepeleka mawe kwenye soko la madini la Musompo anaijua mizani ya mnunuzi Mchina kuliko anavyoujua uso wake. Lakini Wachina wana maneno gani, kati yao wenyewe, juu ya kodi, juu ya rushwa, juu ya ardhi ya mkulima, juu ya mkubwa asiyependa kuambiwa kweli? Hayo hatujayasikia.

Kilichotufikia kwa Kiswahili ni kitu kingine. Mwaka 2011 TBC ya Dar es Salaam ilianza kuonyesha hadithi ya Doudou na mama wakwe zake, ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili. Ikapendwa hata Rais Xi Jinping akaitaja katika hotuba yake Dar es Salaam, Machi 2013. StarTimes nao wakafuata na vipindi vingi, wakaandaa hata mashindano ya kutafuta sauti nchini Tanzania. Siidharau kazi hiyo. Hai Qing, aliyecheza Doudou, ni mwigizaji hodari, na ugomvi wa mkwe na mama mkwe unaeleweka Kolwezi kama unavyoeleweka Beijing. Ila jirani anayekuonyesha sebule tu bado hajakukaribisha nyumbani. Tamthilia ya 1566 inatuingiza hadi chumba ambamo daftari la madeni limefichwa.

Inaanza na theluji iliyokataa kuanguka. Ni majira ya baridi ya kuingia mwaka 1561, Beijing ni kavu, na ofisa mmoja wa elimu ya nyota anasema mbingu zimekasirishwa na ufujaji wa serikali. Anapigwa fimbo mbele ya lango la ikulu mpaka anakufa. Kisha mawaziri wanaitwa kufunga hesabu za mwaka. Mfalme Jiajing, anayejishughulisha na ibada na dawa za kurefusha maisha, hakai nao. Yuko nyuma ya pazia, anasikiliza kila neno, na akiridhika anagonga kengele ya shaba. Mbele ya pazia wanasomewa matumizi: jeshi limetumia kiasi gani, ujenzi wa majumba ya mfalme kiasi gani, nani alikubaliwa kiasi fulani akatumia mara mbili. Kila hati inahitaji mkono wa baraza la mawaziri, kisha wino mwekundu wa matowashi wa ikulu. Kuna waziri anayekataa kutia mkono. Hapo wote wanaogopa, nasi tunaogopa pamoja nao, ingawa hakuna upanga uliochomolewa. Sijui tamthilia nyingine iliyothubutu kulifanya fungu la bajeti kuwa uwanja wa vita kwa muda mrefu hivyo.

Hazina ni tupu, na dawa inayopatikana ni hii: katika jimbo la Zhejiang nusu ya mashamba ya mpunga yapandwe miforosadi, viwavi wa hariri walishwe, vitambaa viuzwe kwa wafanyabiashara wa ng'ambo. Kwenye karatasi kila mtu anafaidika. Hariri ina bei kuliko mchele, mkulima atapata zaidi, serikali itapata zaidi. Lakini mforosadi hauliwi, na mwaka wa kwanza mkulima atakula nini? Wakubwa wa jimbo na tajiri wa hariri wanaona kwamba faida kubwa imo katika ardhi yenyewe. Mkulima aliyeshiba hauzi shamba lake. Basi usiku mmoja, maji ya mto Xin'an yakiwa yamejaa, wanafungulia matuta ili mafuriko yale mpunga, njaa iingie, na mashamba yauzwe kwa bei ya kutupa.

Naomba tusimame kidogo hapo. Mpango huo wa miforosadi na kubomolewa kwa matuta ni ubunifu wa Liu Heping. Wilaya ya Chun'an, ambayo katika hadithi inazama, ipo kweli, na Hai Rui, shujaa wa tamthilia, kweli alikuwa mkuu wa wilaya hiyo kuanzia 1558 hadi 1562. Na kuna jambo ambalo tamthilia haiwezi kulisema, kwa kuwa lilitokea karne 4 baadaye: mwaka 1959 mji wa kale wa Chun'an ulifunikwa na maji kweli, ya bwawa la umeme la Xin'anjiang, na wakazi wake wakahamishwa. Mpaka leo umo chini ya ziwa. Mtazamaji wa Kichina anapoliona tuta likibomoka, ana kumbukumbu mbili kichwani. Nasi tulio jirani na ziwa la Nzilo, lililotokana na bwawa ambalo Wabelgiji walilijenga katika miaka ya 1950 kwa ajili ya umeme wa kampuni ya madini ya Union Minière, na tunaoona nyaya za umeme za bwawa la Busanga zikienda Sicomines, tunaweza kuitazama sehemu ile kwa macho yetu wenyewe.

Wanafunzi wa sheria na uchumi waliomo humu wanajua kwa moyo mgawanyo wa mrabaha katika Sheria ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa maeneo ya chini yenye madini, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Wanajua pia kwamba Februari 2023 Ukaguzi Mkuu wa Fedha ulisema kati ya dola bilioni 3 za barabara na majengo zilizoahidiwa katika mkataba wa Sicomines wa 2008, zilizotumika ni kama milioni 822, na kwamba Machi 2024 ahadi ikapandishwa hadi bilioni 7. Huwa tunazisoma hesabu hizi kama mambo makavu ya gazeti. Liu Heping anafundisha kuziona kama hadithi ya watu: aliyetia mkono, aliyekataa, aliyenyamaza kwa sababu mwanawe anataka cheo.

Sasa waigizaji, maana bila wao maandishi haya yangebaki somo.

Chen Baoguo ndiye Mfalme Jiajing. Miaka 2 kabla alikuwa amecheza mfalme mwingine, Wu wa Han, mtu wa vita na sauti kubwa. Hapa amevua yote hayo. Anatembea na joho jepesi wakati wa baridi, kichwa wazi, anacheka peke yake, anatamka mashairi, halafu ghafla anauliza swali dogo na chumba kizima kinapiga magoti. Ubora wake ni kwamba hakutupa mwendawazimu wala katili wa kawaida. Jiajing wake ni mwenye akili kuliko wote waliomo ikulu, na akili yote hiyo anaitumia kuhakikisha kwamba lawama haimfikii.

Ni Dahong anacheza Yan Song, waziri mkuu wa miaka 80. Wengi walikuja kumjua Ni Dahong baadaye, kama Sima Yi katika Three Kingdoms ya 2010, au kama yule baba msumbufu wa All Is Well ya 2019. Mimi naona hapa ndipo alipofika juu kabisa. Tazameni anavyosikia. Macho yamefungwa nusu, mdomo unatetemeka kidogo, unadhani mzee amesinzia; kumbe anapima kila pumzi ya adui yake. Mwanawe Yan Shifan, aliyechezwa na Zhang Zhijian, ana hasira na kelele, na baba anajua kwamba kelele hizo zitawaua wote wawili. Upendo wa baba kwa mtoto asiyefaa: Yan Song ni fisadi, na bado moyo wangu humwendea.

Wang Qingxiang kama Hu Zongxian, gavana wa Zhejiang, ana mzigo ambao sijui ningeubebaje. Matuta yamekwisha kubomolewa, maji yanakuja juu ya wilaya 9. Anaamua kuyaelekeza kwenye wilaya moja na nusu ili zile nyingine ziokoke. Hakuna muziki wa kutuambia tumhukumu vipi. Uso wake tu, na mvua.

Kisha wawili ambao hawatajwi vya kutosha. Wang Jinsong anacheza towashi Yang Jinshui, msimamizi wa viwanda vya hariri vya mfalme. Baadaye watu walimpenda katika Nirvana in Fire ya 2015, lakini woga wake humu, woga wa mtu anayejua siri za bwana wake, ni wa kiwango cha juu mno. Na Zhao Lixin ni Shen Yishi, tajiri wa hariri anayevaa nguo za pamba za kimaskini. Anajua kwamba serikali itamtumia, na akiisha kutumika ataliwa. Anaiteketeza nyumba yake akiwamo ndani. Wanaokuja kufilisi mali yake wanakuta kidogo sana. Madaftari yanaonyesha hariri ilikwenda wapi miaka yote, na njia inapanda juu, hadi ikulu. Kila mtu wa Kolwezi aliyewahi kuona mfanyabiashara akitajirika chini ya mkono wa wakubwa, kisha akiachwa peke yake mbele ya mahakama, atamwelewa Shen Yishi bila mwalimu.

Hai Rui mwenyewe ni Huang Zhizhong. Kumcheza si mchezo. Mwaka 1966 wa kalenda yetu ukitafutwa katika vitabu vya historia ya China, utakuta jina la ofisa huyu aliyekufa mwaka 1587. Mwanahistoria Wu Han, makamu wa meya wa Beijing, alikuwa ameandika mchezo wa jukwaani juu ya Hai Rui kufukuzwa kazi; ulionyeshwa mwaka 1961. Novemba 1965 Yao Wenyuan akaushambulia gazetini kana kwamba Hai Rui ni fumbo la kumlaumu Mao, na shambulio hilo likawa mlango wa Mapinduzi ya Utamaduni. Wu Han alifia kifungoni mwaka 1969. Huang Zhizhong anaubeba uzito huo bila kujifanya mtakatifu. Hai Rui wake ni mkaidi, anachosha, hana neno tamu hata kwa rafiki. Mwaka 1566 ananunua jeneza, anaaga, anampelekea mfalme barua ya kumwambia kwamba ameiacha nchi na watu wamechoka naye. Anafungwa. Historia rasmi ya Ming inasimulia kwamba mlinzi wa gereza alipomwambia mfalme amefariki, Hai Rui alilia hadi akatapika chakula alichokuwa amekula. Mtu aliyekuwa tayari kufa kwa kumkosoa mfalme, na aliyempenda mfalme huyo huyo kama baba. Huang anatufanya tuamini kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa katika kifua kimoja.

Kasoro zipo. Sehemu za katikati zinakwenda polepole, na mtazamaji asiyejua vyeo vya Ming atapotea. Wanawake ni wachache na wengi wao wamewekwa pembeni kulia au kungoja. Wakulima wanaozamishwa, ukimwacha mmoja aitwaye Qi Dazhu, hawapewi nafasi ya kusema kwa kirefu. Tunawaona kwenye matuta na foleni za uji, kisha kamera inarudi kwa wakubwa. Hilo linaniuma zaidi ya yote.

Na linanirudisha Katanga. Tumekuwa na watu waliojua kusimulia utawala kwa lugha yetu. Mufwankolo na kundi lake la Lubumbashi waliigiza chifu na watu wake kwa Kiswahili cha hapa, redioni na kwenye televisheni, na mwaka 1986 walitengeneza mchezo mzima juu ya kula mamlaka. Tshibumba Kanda Matulu aliichora historia ya nchi hii katika miaka ya 1970, picha baada ya picha, akiwamo mchimbaji, mfungwa, Lumumba. Kolwezi yenyewe ilipata filamu yake mwaka 1980, ya Mfaransa Raoul Coutard, na mashujaa wake ni askari wa miamvuli walioshuka hapa Mei 1978. Chumba ambamo Union Minière na serikali, au kampuni ya Gécamines na waliokuja baadaye, walikaa na kutia mikono kwenye karatasi, hakuna aliyetuonyesha bado.

Ombi langu kwa idara ya sanaa na kwa vituo vya televisheni vya jimbo ni dogo. Chukueni sehemu 5 za mwanzo, kuanzia theluji hadi matuta. Ombeni ruhusa kwa wenye haki. Tafuteni sauti hapa hapa, kwa waigizaji wa Lubumbashi na Likasi na Kolwezi, kwa Kiswahili ambacho mama wa soko la Manika atakisikia bila shida. Kwa Jiajing itahitajika sauti ya mtu anayeweza kunong'ona na kutisha. Kwa Yan Song, mtafuteni mzee aliyestaafu Gécamines, mwenye pumzi fupi na kumbukumbu ndefu. Wako wengi, na baadhi yao wamekaa katika ukumbi huu.