Sikio Kabla ya Kidole: Malezi ya Mpiga Kinanda wa Mbagala na Tegeta



Hoja yangu leo ni moja. Dar es Salaam ina shule kubwa ya kufunza sikio la mpiga kinanda, nayo ni ibada. Shule hiyo haina mtaala wala cheti, lakini wanaohitimu wanapiga kweli. Upungufu wake ni kwamba mwanafunzi hafundishwi kulitaja analolisikia. Madarasani kwetu kasoro ni kinyume chake: mara nyingi tunamfundisha mtu kutaja asichokisikia.

Shule ya pambio

Katika makanisa mengi ya pembezoni mwa jiji, kama Mbagala na Tegeta, piano halisi ya vitufe 88 haipo. Ni ghali, unyevu wa pwani unaiharibu, na fundi wa kuirekebisha nyuzi utamtafuta kwa tochi. Kilichopo ni kinanda cha umeme, aghalabu cha vitufe 61, yaani oktava tano. Katikati ya maombi mama mmoja anaanzisha pambio. Hatangazi ufunguo, wala hana haja ya kuujua. Mpiga kinanda ana mstari mmoja au miwili ya kuutafuta kabla waumini wote hawajaitikia.

Anautafutaje? Anapunguza sauti ya kinanda, anagusa kitufe kimoja upande wa besi, anasikiliza kama kinapatana na pale wimbo unapotulia. Kikikataa, anasogea. Kikikubali, ameipata do. Hapo kazi kubwa imekwisha, maana mapambio mengi hutembea juu ya kodi tatu tu (naongelea kodi za kinanda, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, siyo zile za TRA): ya do, ya fa na ya so. Kutambua sauti ya msingi, kufuata mwendo wa besi, kubagua kodi moja na nyingine: hayo ndiyo mazoezi wanayopewa wanafunzi wa vyuo vya muziki duniani kote. Wao wakikosea wanapoteza alama. Kijana wa Mbagala akikosea, kanisa zima linageuza shingo.

Niondoe hofu moja. Wapo watu wachache wanaosikia sauti moja na kuitaja papo hapo bila kuilinganisha na nyingine. Uwezo huo huhusiana sana na mafunzo ya utotoni. Mpiga kinanda hauhitaji. Anachohitaji ni kusikia umbali kati ya sauti na sauti, na hilo hufundishika hata ukubwani.

Kitufe kinacholaumiwa

Walimu wengi wanakilaani kitufe cha kuhamisha ufunguo. Kijana anapiga vitufe vyeupe vya ufunguo wa C, kinanda kinatoa sauti za F. Wanasema ni uvivu. Mimi naona ni ushahidi. Kijana huyo amekwisha kuelewa kwamba wimbo ni uhusiano wa sauti, na kwamba do inabaki do popote unapoihamishia. Tatizo huja baadaye: mwimbaji anapopandisha wimbo ghafla bila kusubiri mtu abonyeze, mpiga besi anapouliza “tuko wapi?” akajibiwa C ilhali masikio yanasikia F, au anapowekwa mbele ya piano isiyo na kitufe hicho. Sikio limeelewa, vidole ndivyo vilivyobaki nyumbani.

Urithi wa herufi saba

Dawa tunayo tayari. Katika karne ya 19 Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, alibuni mbinu ya kuandika muziki kwa silabi za do, re, mi, na John Curwen akaiendeleza na kuieneza. Faida zake zilikuwa mbili. Kwanza, do huhama pamoja na wimbo. Pili, huandikwa kwa herufi za kawaida, hivyo haikuhitaji mashine maalumu ya kuchapa noti. Wamisionari waliisambaza Afrika, na haikubaki mikononi mwao. Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya huko Afrika Kusini, aliitumia mwaka 1897 kuutunga wimbo ambao sauti yake leo tunaisimamia wima kama Mungu Ibariki Afrika.

Walimu wa kwaya wa Tanzania wangali wanaifundisha. Soprano, alto, tena na besi hujifunza sauti zao kwa do-re-mi kabla ya maneno. Ajabu ni kwamba mpiga kinanda huketi pembeni akisubiri wamalize, kana kwamba somo hilo halimhusu, na hali yeye ndiye angefaidika kuliko wote.

Mipaka ya vitufe 12

Hata hivyo sikio lisifungwe ndani ya oktava yenye hatua 12. Kwenye maqam (mfumo wa sauti wa Kiarabu) ya Rast, inayojulikana katika taarab, sauti ya tatu hukaa kati ya kitufe kimoja na kingine. Ndiyo maana vinanda vilivyotengenezwa kwa soko la Kiarabu vina vitufe vya kushusha sauti kwa robo toni. Uimbaji wa Wagogo na ilimba yao, ala ya vidole gumba aliyoipeleka duniani mwanamuziki Hukwe Zawose, hufuata sauti za asili za uzi unaotetema. Sauti ya saba kati ya hizo iko chini ya kitufe cha piano kwa karibu theluthi ya semitoni. Mgogo akiiimba hajakosea. Piano ndiyo haina mahali pa kumweka.

Vijana wa singeli nao, muziki uliokulia Manzese, Tandale na Temeke, wana somo lao. Ukikimbiza kipande cha taarab mara mbili bila kurekebisha sauti, kinapanda oktava nzima. Ukikikimbiza mara moja na nusu, do inakuwa so. Mtayarishaji anayelijua hilo hana haja ya kubahatisha ufunguo wa mwimbaji wake.

Mapendekezo

Napendekeza mambo matatu. Mosi, kila kwaya imketishe mpiga kinanda pamoja na waimbaji wakati wa do-re-mi, aimbe besi kabla ya kuipiga. Pili, achague pambio moja kila wiki, alipige katika funguo zote 12 bila kitufe cha kuhamisha, huku akitaja kwa mdomo kodi anayoiendea. Tatu, vyuo vyetu vya muziki vikubali kumpima mwombaji kwa sikio kabla ya karatasi: aimbiwe wimbo asioujua, autafutie do, aufuate kwa kinanda. Wengi wanaoangushwa leo kwa kutosoma noti wangepita, na noti wangezisoma mwaka wa kwanza kwa haraka kuliko tunavyodhani, kwa sababu wangekuwa wanajifunza kuandika jambo wanalolijua tayari.

Hilo la tatu liko ndani ya uwezo wetu sisi wanataaluma tuliomo ukumbini humu. Halihitaji jengo wala mfadhili. Linahitaji kubadilisha mtihani mmoja.