Andika, na Utie Jina Lako



Kila unapowadia mwaka mpya wa masomo, stendi ya mabasi hapa Kahama hujaa vijana waendao vyuoni, na wazazi hutoa wosia uleule: soma, usijiingize katika mambo. Juma hili mama mmoja jirani yangu ameniuliza swali. Binti yake ameombwa na wenzake chuoni kujiunga na gazeti la wanafunzi. Je, amkataze? "Kaka," aliniambia, "nimeuza mpunga ili asome. Sikuuza mpunga akaandike magazeti." Namjibu hapa hadharani, kwani najua hofu hiyo si yake peke yake.

Hofu yake ina msingi. Novemba 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu pale Mlimani, Dar es Salaam, walianzisha jarida lao wakaliita Cheche. Novemba 1970 Serikali ikalipiga marufuku, pamoja na USARF, chama cha wanafunzi kilichokuwa nyuma yake. Jarida liliishi mwaka mmoja tu.

Lakini hebu tuwatazame walioliandika. Karim Hirji, mmoja wa wahariri wake, alikuwa mwanafunzi wa hisabati; baadaye akawa profesa wa takwimu za tiba. Zakia Meghji, mhariri mwenzake, akawa Waziri wa Fedha mwaka 2006. Issa Shivji, ambaye uchambuzi wake wa matabaka katika nchi yetu ulitoka katika Cheche mwaka 1970, akawa profesa wa sheria. Kumbe gazeti halikuwaharibia masomo. Liliwafunza kusema jambo, kulitolea ushahidi, kulitia jina, kisha kukaa tayari kujibiwa.

Hata hivyo, mama asidhani kila maandishi ya wanafunzi ni ya kheri. Hapo hapo Mlimani palikuwa na kitu kilichoitwa Punch: makaratasi ya kubandikwa ukutani, yenye michoro na maneno ya kudhalilisha, hasa dhidi ya wanafunzi wa kike. Hakuna aliyetia jina lake. Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike wa mwaka wa kwanza alijiua baada ya kuandamwa na wanafunzi wa kiume, na Punch ikiwa ndiyo fimbo yao. Cheche iliwagusa wenye nguvu, na waandishi wake walijulikana. Punch iliwaonea wasio na mtetezi, na mwandishi wake alijificha gizani. Siku hizi ukuta ule umehamia kwenye simu, na giza ni lile lile.

Kwa hiyo, mama, jibu langu ni hili: mruhusu, lakini mpe masharti matatu.

La kwanza, asiandike neno ambalo hawezi kulitia jina lake. Akiona aibu au woga wa kujulikana, ajiulize mara mbili kama neno lenyewe ni la kweli na la haki.

La pili, aandike anayoyajua. Mgodi wa Buzwagi, hapa mlangoni petu, ulifikia mwisho wa uzalishaji mwaka 2021. Nani atakayeandika maisha yamekuwaje kwa mama ntilie aliyewapikia wafanyakazi, au kwa aliyejenga vyumba vya kuwapangisha? Mwandishi wa mbali hufika na kamera, akalala usiku mmoja, akaondoka. Mtoto wa Kahama anajua nyumba za kubisha hodi, na akija likizo atakutana macho kwa macho na aliowaandika. Hiyo nayo itamzuia kuongeza chumvi.

La tatu, aandike Kiswahili. Cheche lilikuwa na jina la Kiswahili, lakini makala yake mengi yalikuwa ya Kiingereza. Wakulima na wafanyakazi waliotetewa humo, wengi wao wasingeweza kuyasoma. Binti yako akiandika kwa lugha ya nyumbani, wewe uliyeuza mpunga utalisoma gazeti lake mwenyewe, na utakuwa mtu wa kwanza kumwambia, "Hapa umekosea, hapa umesema kweli."

Kusoma ni kujaza ghala. Lakini ghala lisilofunguliwa hulisha panya. Mwache binti afungue mlango, mchana, watu wakimwona.

 Tukutane juma lijalo.