Alama ya Njia Isiseme Uongo

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani wa miaka ya 1994–1997 katika mkutano wetu wa mwaka, mbele ya walimu, wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa.)



 Katibu alinitaka nizungumze juu ya kazi yangu, tena akanionya nisizidishe robo saa kwa kuwa pilau imekwisha iva. Mimi ni mtumishi wa serikali katika fani ya upimaji na ramani. Kwa maneno machache, kazi yangu ni kumsaidia mtu ajue yuko wapi, na afike aendako salama. Leo nataka kusema juu ya chombo kipya katika kazi hiyo. Unaielekeza simu yako mbele, kamera inakuonyesha njia ile ile unayoiona kwa macho, ila juu ya picha umechorwa mshale unaokuambia upite wapi. Wataalamu huuita ufundi huu uhalisia ulioongezwa.

Lakini kabla ya simu, sina budi kuanza na mawe.

Wenzangu wa miaka yetu mnakumbuka ukungu wa mwezi wa Juni hapa mlimani. Jenereta ikizimwa saa nne usiku, mtu hakuweza kuuona mkono wake mwenyewe. Ndiyo maana mawe yaliyopakwa chokaa yalipangwa pande zote mbili za njia, kutoka bwaloni mpaka mabwenini. Tuliyafuata mawe yale bila kufikiri. Mwaka 1996, nikiwa kidato cha tatu, kuna usiku mmoja mtu aliyahamisha mawe kama kumi hivi, njia ikapinda kuelekea kwenye mtaro. Nia ilikuwa kumtega kiranja wa bweni. Kiranja hakupita. Alipita mwenzetu wa darasa, akitoka kuomba dawa kwa mwalimu wa zamu, akaanguka mtaroni na kuvunjika mkono wa kulia. Mtihani wa muhula aliuandika kwa mkono wa kushoto. Bweni zima tulichimba visiki wiki nzima, na hakuna aliyesema.

Ndugu Mwenyekiti, aliyehamisha mawe yale ni mimi. Mwenzetu huyo ameketi safu ya pili. Leo asubuhi, kabla sijapanda hapa, nilimwomba radhi. Akanijibu, "Bwana, nilijua tangu siku ile. Ulikuja kunibeba huku mikono yako imejaa chokaa." Amenisamehe, na ameniruhusu niyaseme haya mbele yenu, kwa sababu ni somo kubwa kuliko lolote nililolipata chuo kikuu. Asiye na alama hupapasa na kwenda polepole. Mwenye alama ya uongo huenda mbio, tena kwa imani.

Sasa turudi kwenye simu. Ufundi huu haukuzaliwa jana. Mnamo mwaka 1968, Ivan Sutherland wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alionyesha chombo cha kuvaa kichwani kilichochora mistari mbele ya macho ya mvaaji. Kilikuwa kizito hata ikabidi kishikiliwe kutoka darini. Jina lenyewe la ufundi lilitungwa na Tom Caudell wa kampuni ya Boeing mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1997 Steven Feiner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia walimvika mtu kompyuta mgongoni, akatembea uwanjani akiona majina ya majengo yakielea mbele yake. Mwaka 2016 mchezo wa Pokémon GO uliwatoa mamilioni ya watu barabarani, na mwaka 2019 kampuni ya Google ilianza kuwaonyesha watembea kwa miguu mishale juu ya picha ya kamera.

Vijana, mshale huo unajuaje mahali ulipo? Simu husikiliza setilaiti za GPS zilizoko angani, kiasi cha kilometa 20,000 juu yetu, nayo huhitaji kuzisikia nne kwa uchache. Mahali peupe, simu ya kawaida hukosea kwa kiasi cha meta 5. Karibu na maghorofa mawimbi hugonga kuta na kurudi, na kosa huongezeka. Ndani ya jengo mara nyingi hayafiki kabisa. Dira iliyomo ndani ya simu nayo huvurugwa na vyuma. Kwa hiyo mafundi wameiongezea simu kazi nyingine, yaani kulinganisha kile kamera inachokiona na picha za mtaa zilizohifadhiwa kabla. Njia hiyo ni nzuri, lakini mtaa ambao haujapigwa picha, au uliobadilika tangu siku ile, huishinda. Na hizo meta 5, ndugu zangu, msizidharau. Ndiyo tofauti baina ya daraja na mtaro.

Hatari ya pili haimo katika chombo, imo ndani yetu. Mwaka 1980 wataalamu wa NASA walichapisha jaribio lao kwa marubani waliokuwa katika mtambo wa kujifunzia. Maelezo ya safari yalionyeshwa kwenye kioo mbele ya macho yao, ili wasiinamishe vichwa. Baadhi yao walishuka kutua bila kuiona ndege iliyokuwa kwenye njia ya kutulia. Macho yalielekea kule kule, lakini akili ilikuwa kwenye maandishi. Mwenye kuangalia mshale si lazima aione njia.

Haya nimeyaona kwa macho yangu. Mwaka 2023 niliwekwa katika kamati ya kujaribu chombo cha namna hii katika hospitali moja ya umma ambayo sitaitaja. Wagonjwa walikuwa wakipotea, na wengine walifika kwa daktari muda umepita. Vijana wetu wa kompyuta walifanya kazi nzuri ya kusifiwa. Siku ya kwanza ya majaribio, kijana aliyefuata mshale nusura akivae kitanda cha magurudumu kilichokuwa kikisukumwa kutoka chumba cha upasuaji. Siku ya pili mama mmoja wa makamo alielekezwa kwenye mlango uliokuwa umefungwa kwa ukarabati. Akautafuta mlango wa jirani, akajikuta kwenye ngazi isiyo na kizuizi. Muuguzi ndiye aliyemdaka mkono.

Tarehe ya uzinduzi ilikuwa imekwisha pangwa na mgeni rasmi amealikwa. Nilitakiwa kutia sahihi. Nilikataa. Niliambiwa kwamba narudisha nyuma maendeleo, na kwamba kasoro zitarekebishwa mbele ya safari. Sikuwaeleza habari za mawe, lakini niliyafikiria. Uzinduzi uliahirishwa kwa miezi mitano, na maneno niliyoyapata ofisini nayaacha huko huko.

Katika miezi hiyo tulibadili mambo manne. Kwanza, mshale huonekana mtu akiwa amesimama tu. Akianza kutembea picha hufifia, na simu humwongoza kwa sauti na mtetemo. Pili, chombo kikiwa hakina hakika hakichori mshale, bali husema, "Simama, uliza." Tatu, tuliacha kuhesabu meta, tukatumia alama ambazo watu wetu huzitumia: pita duka la dawa, ukifika kwenye bomba la maji kata kulia. Nne, yupo mtumishi mmoja mwenye wajibu wa kupita kila asubuhi na kusahihisha ramani kabla milango haijafunguliwa. Hili la nne halikuhitaji ufundi wowote, nalo ndilo lililosaidia kuliko yote.

Kadhalika tulipaka mistari ya rangi sakafuni. Wengi wa wagonjwa wale wanatumia simu za kitochi, zisizoweza kazi hii. Na mwenzetu asiyeona, fimbo yake nyeupe humwambia habari za shimo lililo mbele yake sasa hivi. Simu imsaidie kujua mlango uko wapi, lakini asiiache fimbo.

Vijana, kazi hii itakuwa yenu. Mnamo mwaka 2022 nchi yetu ilifanya operesheni ya anwani za makazi. Nyumba ziliwekwa namba, mitaa ikapewa majina, na taarifa zikaingizwa katika programu ya NaPA. Huo ni msingi, na juu yake ninyi mtajenga vyombo ambavyo sisi hatujaviwaza. Someni hesabu, fizikia na jiografia. Lakini kila mtakapochora mshale, jiulizeni ni nani atakayeufuata usiku, mgonjwa, peke yake, akikuaminini ninyi ambao hakuwaona.

Jana jioni nilipita njia ile ya bwaloni. Taa za umeme zipo siku hizi, na mawe bado yapo, lakini chokaa imechujuka. Nimemwomba Mkuu wa Shule ruhusa, naye amekubali. Kesho saa moja asubuhi mimi na mwenzangu wa safu ya pili tutayapaka upya. Chokaa tumenunua sisi. Anayependa kutusaidia na aje na brashi.

Ndugu Mwenyekiti, robo saa yangu imekwisha.