Vitunguu Saumu na Sumu ya Risasi



Sisi tufunguao betri karakanani tukidai barakoa twaambiwa tule vitunguu saumu na mlonge. Ni kweli, wataalamu waliwapa panya risasi pamoja na vitu hivyo, na maini na figo zao zikaharibika kidogo kuliko za wenzao. Lakini risasi huingia mifupani ikakaa miaka, na sisi si panya wa kupimiwa sumu kwa kijiko!

Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifungwa mwaka 2014, watoto wamekwisha kuingiwa na risasi damuni. Wenyeji walisema hata kuku walikufa.

Mlonge tutakula, ni mboga nzuri. Barakoa, sabuni na kupimwa damu twavidai vile vile.