Gharama ya Kujisomea: Hotuba kwa Wakazi wa Kata ya Goweko



Asiyeona anapopokea ujumbe wa fedha kwenye simu, humwita jirani amsomee, na mara nyingi huishia kumtajia hata namba yake ya siri. Jirani ni mwema, lakini akiba imekwisha kuwa na funguo mbili.

Zipo programu zinazosoma maandishi ya skrini kwa sauti. JAWS, ya Marekani, huuzwa kwa bei isiyomfaa mkulima wa tumbaku. Lakini mwaka 2006 Michael Curran wa Australia, naye haoni, alianza kuunda NVDA ya kompyuta, akiona si haki asiyeona alipie zaidi kompyuta ileile. Hadi leo hutolewa bure. Simu janja nyingi za Android nazo zina TalkBack ndani yake, bila malipo. Huwashwa kwenye mipangilio.

Zinabaki gharama za simu, umeme na mwalimu. Huyu wa mwisho ndiye adimu, maana kuzoea kuitumia simu kwa kusikiliza huchukua siku nyingi.

Sheria hutenga asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa mikopo isiyo na riba ya watu wenye ulemavu. Mfanyabiashara asiyeona anayeiomba aiandike simu katika mtaji wake, kama anavyoandika mizani.